Kwa nini simu yangu inaonyesha vizuri kuliko TV ya 4K ya jirani? Nataka kununua TV nisije nikapigwa

mtu_wa_goba

Wakuu habari za jioni,

Niende kwenye mada. Nimejichanga nina milioni moja na laki tatu nataka nivute TV maana mama watoto kachoka na hili chogo letu na mimi mwenyewe nimechoka nalo. Nilikuwa nimeshaamua inchi 55 ya 4K basi, ila jumapili kuna kitu kimenivuruga kabisa.

Jirani yangu kavuta chuma kipya, inchi 55, pale kwenye kona imebandikwa stika ya 4K Ultra HD mpaka inang'aa. Akatuita kuangalia mechi ya watani. Wakuu sijui nisemeje, uwanja umekuwa rangi ya kijani tupu nyasi huzioni, wachezaji wakiwa mbali nyuso zote ukungu, namba ya mgongoni mpaka kamera imsogelee mtu ndo unaisoma. Mechi ilivyoisha nikatoa simu, Samsung A54 ya kawaida tu wala si zile za milioni tatu, nikafungua marudio ya goli YouTube, aisee mpaka jasho shingoni kwa kipa unaliona. Watu wote wakahamia kwenye simu yangu. Jirani akanuna akasema anaenda kufungia kuku.

Sasa simu skrini yake ni 1080 na TV ni 4K, inakuwaje chenye rezolusheni ndogo kinamshinda chenye kubwa? TV ni feki, tatizo ni king'amuzi, au hii 4K ni maneno ya wauzaji tu? Na kwa hela yangu nichukue nini, sebule si kubwa, kutoka kochi mpaka ukutani ni mita mbili na nusu hivi. Mimi ni mpira, wife tamthilia, watoto katuni za YouTube. Shemeji yangu ananiambia niachane na TV niongeze hela nichukue simu kali sababu siku hizi kila mtu anaangalia kwenye simu yake, lakini naona kama ananipotosha.

Nawasilisha.

kisu_butu

Jirani akiuona huu uzi hutaitwa tena mkuu 😂😂 ngoja waje wataalamu, mimi nakaa hapa pembeni na kahawa yangu

fundi_manzese

Mtoa mada kabla hatujaitukana TV ya watu, kamuulize jirani king'amuzi kakichomeka kwa waya gani. Nyuma ya TV kama kuna ule waya wa vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, basi kesi imeisha hapo hapo. Siku hizi nikiitwa nyumba imenunua TV mpya na wanalalamika picha mbovu, cha kwanza naenda kuchungulia nyuma, na mara nyingi nakuta wamehamisha waya ule ule uliokuwa kwenye chogo. Ule wa njano unapitisha picha ya zamani, mistari 576 basi, hata king'amuzi kiwe cha HD na chaneli iwe ya HD ikifika kwenye ule waya inashushwa.

Piga hesabu uone. Picha ya 576 ina nukta kama laki nne na kumi na nne elfu. TV ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160, zinakuja milioni nane na laki tatu hivi. Yaani katika kila nukta 20 unazoziona pale ukutani ni moja tu iliyotoka kwenye king'amuzi, 19 TV imejitungia yenyewe kwa kukisia. Utaona jasho la kipa saa ngapi? Ni glasi moja ya juisi umeimwaga kwenye ndoo ya maji halafu unashangaa haina utamu.

Simu yako yenyewe ilipata video ya 1080 kutoka YouTube ikaiweka kwenye skrini ya 1080, nukta kwa nukta, hakuna kukisia. Ndo maana.

Aweke HDMI (waya mmoja tu unaopitisha picha ya HD na sauti pamoja), aingie kwenye setingi za king'amuzi sehemu ya video achague 1080, halafu kwenye TV atoe ile modi iliyoandikwa Vivid au Dynamic aweke Standard au Movie, na ile Sharpness ashushe, ASHUSHE, watu wanaipandisha mpaka 100 wakidhani ndo picha itakuwa kali kumbe inachora mistari myeupe pembeni ya kila kitu. Baada ya hapo aite watu tena.

mtu_wa_goba

fundi ubarikiwe, nitaenda kuchungulia kesho kama nitakaribishwa. Lakini hata akiweka HDMI itafikia simu kweli? Maana simu ilikuwa ni kali mno ile, na nyeusi yake ni nyeusi haswa

pikseli_tatu

Haitafikia, na si kosa la TV. Hapo unalinganisha vitu vitatu tofauti kwa wakati mmoja.

Kwanza msongamano. Skrini ya simu yako ni inchi 6.4, kila inchi moja ina nukta kama 400. TV ya inchi 55 hata ikiwa 4K ya kweli kabisa ina nukta 80 kwa inchi. Ila TV huikai karibu kama simu kwa hiyo jicho haliumii. Jicho zima la kawaida linatenganisha vitu viwili vikiwa na nafasi ya dakika moja ya digrii (yaani digrii moja ugawe kwa 60), ukiifanyia hesabu kwa inchi 55 unakuta ukikaa zaidi ya mita mbili na sentimita kama ishirini, 1080 na 4K zinaanza kufanana machoni pako. Kwa inchi 43 ni mita 1.7 tu. Wewe umesema kochi liko mita mbili na nusu, kwa hiyo hapo ulipo hata ukiletewa TV mbili za 55, moja Full HD (yaani 1080) moja 4K, zote nzuri, zikiwa na video ile ile, utabahatisha tu kusema ipi ni ipi.

Kwenye simu ndo kichekesho zaidi. Sony mwaka 2015 walitoa Xperia Z5 Premium yenye skrini ya 4K kwenye inchi 5.5, nukta zaidi ya 800 kwa inchi moja, nani aliziona? Baadae wakarudi tena na Xperia 1 ya 4K, mwaka 2024 kwenye Xperia 1 VI wakaachana nayo wakashusha mpaka 1080. Shemeji akikwambia simu kali ina skrini kali zaidi muulize kali kwa macho ya nani.

Pili, na hii ndo kubwa kwangu, aina ya skrini. Simu yako ni AMOLED, kila nukta inajiwasha na kujizima yenyewe, penye weusi hakuna taa kabisa. TV ya bei zetu ni LCD, kuna taa nyuma zimewaka muda wote na kioo mbele kinajaribu kuzuia mwanga, hakizuii wote, ndo maana usiku ukizima taa ya sebuleni nyeusi ya TV inakuwa kijivu. TV zenye teknolojia kama ya simu yako ni OLED, na kwa milioni na laki tatu mpya ya dukani sahau tu. Usichanganye na QLED, hiyo herufi moja imewapiga wengi, QLED ni LCD ile ile ya taa nyuma imeongezewa tabaka la kuboresha rangi. Si mbaya, rangi zake nzuri kweli, ila si OLED.

Tatu ni mwanga. A54 inafika niti (kipimo cha ukali wa mwanga wa skrini) 1000 juani, TV nyingi za bei ya chini zinacheza kwenye 250 mpaka 300. Sasa hizo nazo zinaandikwa HDR kwenye boksi, yaani picha yenye mwanga mkali na giza zito kwa pamoja. Zinaipokea HDR ndiyo, kuionyesha ndo hazina nguvu hiyo.

babu_wa_ilala

Mnamjazia kijana hesabu za bure. Mimi nina inchi 32 HD mwaka wa ngapi sijui, mpira nauona, goli nalihesabu. 4K ni biashara za watu

pikseli_tatu

Babu shkamoo. Kwa 32 uko sahihi kabisa hata mimi nisingemshauri mtu atafute 32 ya 4K. Ila kwenye 55 huna pa kukimbilia, brandi zinazojulikana 55 zao karibu zote ni 4K, kuipata Full HD ni shida hata ukiitaka. Kwa hiyo swali si 4K au siyo 4K, swali ni paneli, yaani kioo chenyewe cha picha, nzuri au mbovu.

babu_wa_ilala

Marhaba. Haya endeleeni

dogo_wa_k_koo

Mimi niko dukani Kariakoo nauza hizi vitu, naongea ukweli hapa kwa sababu hamnijui.

Ile video ya samaki na maua unayoikuta inacheza dukani ni flashi maalumu, video ya 4K safi kabisa imerekodiwa kwa ajili ya kuuzia TV, na TV yenyewe tumeiweka kwenye modi ya duka, mwanga na rangi zote juu mpaka mwisho. Hata paneli mbovu inapendeza pale. Njoo na flashi yako, weka kipande cha mechi ulichorekodi au umepakua, weka na picha yenye maandishi madogo madogo. Muuzaji akikataa kuchomeka flashi yako ondoka, maduka yako mengi.

Kuhusu feki. Zipo TV boksi limeandikwa 4K kubwaaa halafu pembeni kimaandishi kidogo inasema inasapoti 4K, maana yake inaweza kulifungua faili la 4K ila kioo chake ni 1366 kwa 768 au 1080. Tafuta namba 3840 x 2160 kwenye boksi ikiwa kama rezolusheni ya paneli, halafu geuza TV soma namba ya modeli kwenye stika ya nyuma, igugo hapo hapo umesimama dukani kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Modeli haipo popote duniani isipokuwa kwenye hilo boksi? Achana nayo.

Na zipo "Android" ambazo si Android TV, ni Android ya simu imepachikwa kwenye TV. Utaijua fasta, ukifungua YouTube inakuja ile ya simu, remoti inakupa kimshale kama cha kompyuta unakihangaisha kwenye skrini nzima kutafuta video. Katuni za watoto utazichukia.

Kwa bajeti yako na hapo mlangoni kwetu, 43 ya 4K ya Hisense au TCL unapata na chenji ya bracket na TV guard inabaki. 55 ya hao hao ukikaza kubageni unaweza kuipata ile ya daraja la chini, chenji hakuna. Samsung na LG za 55 utaongeza. Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), waranti bila risiti ni karatasi ya kufungia maandazi.

mama_wawili_kimara

Jamani mnaongea nukta tu mimi nauliza umeme. Hiyo 55 si itamaliza LUKU? Na watoto je, wangu alirusha remoti

fundi_manzese

Dada umeme usikutishe, 55 ya LED inakula kama wati 100 mpaka 130. Ukiangalia masaa matano kwa siku kwa wati 120 ni uniti 0.6, mwezi uniti 18. Kwa tarifu ya kawaida uniti ni shilingi 350 na kitu, haifiki elfu saba kwa mwezi. Pasi na jiko ndo wezi, si TV.

Watoto hapo ndo pa kuogopa. Kioo kikipasuka usiniite, kioo peke yake kinakaribia bei ya TV nzima, hakuna fundi atakayekwambia tofauti akiwa mkweli. Itundikwe ukutani juu kidogo ya mikono yao.

Ugonjwa mwingine ninaopokea kila wiki ni TV inaongea haionyeshi. Sauti ipo, chaneli zinabadilika, kioo cheusi. Chukua tochi ya simu uibandike karibu na kioo chumba kikiwa na giza, ukiona picha kwa mbali inatembea basi kioo kizima, zilizokufa ni taa za nyuma, na hiyo inatengenezeka. Zinakufa mapema kwa sababu mtu kaacha mwanga uko 100 usiku na mchana. Shusha mpaka 60 au 70 sebule yako haina jua, macho yatashukuru na taa zitadumu. Na TV guard usinunue ile ya buku buku ya barabarani, umeme ukirudi kwa nguvu ile nayo inaungua pamoja na TV.

abdalla_msa

Hapa Mombasa tuongezee na hewa ya chumvi ndugu zangu, ukiwa karibu na bahari bodi inashika kutu miguuni mwa vifaa, TV inaanza kujizima yenyewe. Isiangalie dirisha la upepo. Mengine yote fundi amemaliza

wa_houston

Niko Houston hapa, naona bei za Black Friday naumia roho, 55 hapa rahisi mno. Nikiweka moja kwenye kontena la mizigo ya nyumbani itafanya kazi bongo au?

fundi_manzese

Soma stika ya nyuma. Ikiandika 100-240V sawa, ikiandika 120V peke yake usilete, ukiichomeka hapa kwenye 230 itaaga dunia papo hapo. Pia tyuna yake (kifaa cha ndani cha kunasa chaneli za antena) ni ya mfumo wa Marekani wa ATSC, huku tunatumia DVB-T2, ukiweka antena haitashika chaneli hata moja. Kwa king'amuzi kwa HDMI na YouTube itacheza fresh. Ila mimi nakuambia hela tuma, TV ya bati jembamba vile kwenye kontena na masufuria ya shangazi juu yake huwa inafika na ufa.

bando_limeisha

Naona mmesahau kitu kimoja, hiyo 4K ataitoa wapi? Ving'amuzi vyetu vingi ni HD, kwa hiyo 4K ni intaneti. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya 4K inaweza kula mpaka GB 7, HD mpaka GB 3, na wanataka spidi ya 15 Mbps kwenda juu. Kwa bando la simu hiyo ni filamu moja mwezi umeisha. Kama una faiba ya mwezi poa.

Halafu kuna mtego. TV au simu isipokuwa na cheti cha Widevine L1 (daraja la juu la ulinzi wa video zisiibiwe) Netflix inakupa picha ya 480 hata kioo kiwe cha dhahabu. Hizo Android za kubandika alizosema dogo wa K/koo nyingi ni L3, daraja la chini. Kwenye simu yako unaweza kuangalia, kuna programu ya bure inaitwa DRM Info, shuka mpaka Widevine usome ni L1 au L3. Kwenye TV ukiona kitufe cha Netflix kwenye remoti na brandi ni ya kueleweka huna haja ya kuhangaika.

Na kwa shemeji: unaweza kutumia vyote. Ukiwa na YouTube kwenye simu bonyeza ile alama ya kutuma kwenye TV, simu inaiambia TV tu video ipi, TV inaivuta yenyewe kutoka mtandaoni, simu unaweza hata kupiga nayo. Tofauti na kuakisi skrini nzima, ile inamaliza betri na picha inakwamakwama. Wengi wanaakisi halafu wanasema TV mbovu.

mtu_wa_goba

Wakuu mrejesho. Nimeenda kwa jirani na waya wa HDMI wangu mfukoni. Fundi ulikuwa kama upo pale, njano nyekundu nyeupe, na Sharpness iko 100, Vivid. King'amuzi chenyewe kina HDMI kabisa nyuma ina vumbi haijawahi kuguswa. Tumebadilisha, namba za jezi zinasomeka hata kamera ikiwa juu. Simu bado nyeusi yake imeishinda TV lakini hakuna mtu aliyeitaka tena, tukaangalia marudio yote ya ligi mpaka saa nne. Waya wangu hajaurudisha.

Sasa bado nimebaki kwenye 43 nzuri au 55 ya chini.

pikseli_tatu

Kwa mita mbili na nusu 55. Kwenye mpira ukubwa ndo unauhisi kuliko vingine vyote, 43 kwa umbali huo utakuwa unajisogeza mbele ya kochi kila kona ikipigwa. Ila uliza paneli ni VA au IPS. VA nyeusi yake ni nzito zaidi, nzuri usiku, ila ukikaa pembeni rangi zinapauka. IPS pembeni iko vizuri, nyeusi yake kijivu. Makochi yenu yamekaaje?

mtu_wa_goba

Moja linatazama TV, lingine liko ubavuni na ndo analokaa wife

kisu_butu

IPS kaka. Usijadili

dogo_wa_k_koo

😂 IPS. Muuzaji asipojua maana yake, simama ubavuni mwa TV ikiwa inawaka uangalie sura za watu, zikipauka ni VA. Na usidanganywe na Motion 120 sijui 200 kwenye boksi, daraja hilo paneli karibu zote ni 60Hz (picha 60 kwa sekunde), hizo namba nyingine ni ufundi wa programu. Kwa mpira 60 inakutosha.

mtu_wa_goba

Sawa jumamosi nashuka Kariakoo na flashi. Bracket nayo nichukue ya aina gani, ukuta wangu ni tofali za block

fundi_manzese

Nunua TV kwanza ndo ununue bracket. Nyuma kuna matundu manne, pima kati ya tundu na tundu kwa milimita, inaweza kuwa 200 kwa 200, 300 kwa 200, kila modeli na yake. Bolti za TV ziwe saizi ile iliyoandikwa kwenye kitabu chake, ukizidisha urefu unatoboa bodi kwa ndani. Ukutani toboa na drili ya nyundo, kama block ni ngumu bila uwazi weka bolti za kutanuka za chuma, kama zina uwazi ndani weka zile bolti zinazofunguka kwa ndani, zile plastiki za rangi rangi za kutundikia saa usiguse. Katikati ya kioo iwe usawa wa macho ukiwa umekaa au juu kidogo kwa ajili ya watoto, si kule juu karibu na dari kama baa. Na waya wa HDMI uchomeke kabla hujaipandisha, ikishakaa ukutani mkono hauingii.